Nimestaafu, goti linauma: niendelee na taichi au niache?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nina presha na nameza dawa kila siku. Mwaka jana kijana wangu aliniwekea kwenye simu video za taichi, yale mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, nikazipenda, nikaanza kuziiga kila asubuhi uani. Nalala vizuri zaidi na mgongo umepungua kuuma. Lakini kwa miezi mitatu sasa goti la kulia linauma, hasa nikishuka ngazi au nikiinuka kwenye kiti. Ninayemfuatisha ni kijana wa Kichina anayeshuka mpaka paja linalala sambamba na ardhi. Nikizidiwa nanunua diklofenaki duka la dawa. Mke wangu anasema niache kabla sijaharibika kabisa. Jirani yangu, mzee wa kanisa, anasema hiyo ni dini ya Wachina. Kijana wangu naye anasema bila mwalimu sitafika popote, na kwamba wanaoijua huanza utotoni. Je, nimechelewa? Taichi ndiyo iliyoniharibia goti? Na mtu huchukua muda gani mpaka aseme ameijua?"

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Nashukuru umeeleza kwa kina, maana umenipunguzia kubahatisha. Umeuliza mengi kwa pamoja, nami naomba nianze na linalouma.

Usiache taichi. Ila kuanzia kesho asubuhi usishuke tena kama yule kijana, na hizo diklofenaki ziweke pembeni mpaka utakapozungumza na daktari anayekuandikia dawa za presha. Dawa za kundi hilo hutuliza maumivu kweli, lakini zinaweza kupandisha presha, kuufanya mwili ushikilie maji na chumvi, kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na kuzielemea figo. Muuza duka hajui asubuhi umemeza nini kingine, isipokuwa umwambie. Nimelitanguliza hili kwa sababu goti hulalamika mapema, ila figo hukaa kimya mpaka zimechoka sana.

Sasa goti lenyewe. Sijaliona wala kulishika, kwa hiyo nasema kwa dalili ulizotaja. Maumivu ya kushuka ngazi na kuinuka kitini mara nyingi hutoka mbele ya goti, pale kifuu, ule mfupa wa mviringo unaoweza kuushika kwa vidole, kinapokutana na mfupa wa paja. Kadiri unavyolikunja goti ukiwa umebeba uzito, ndivyo kifuu kinavyokandamizwa zaidi. Anayechuchumaa na kuinuka upesi hupata mkandamizo huo kwa muda mfupi. Wewe unakwenda polepole, karibu uzito wote ukiwa kwenye mguu mmoja, na unashuka mpaka paja lilale. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayotakiwa kubeba kazi hiyo. Ikichoka katikati ya mwondoko, na kwa mtu wa miaka 63 aliyeanza mwaka jana itachoka, mzigo unahamia kwenye kiungo. Upolepole wa taichi, ambao watu wengi hudhani ndio usalama wake, unaweza kuumiza ukiuambatanisha na kina usichokimudu.

Kuna jambo la pili ambalo nadhani nalo linakuhusu. Goti limeumbwa kukunja na kukunjua, kama bawaba ya mlango, na hujizungusha kidogo tu. Mzunguko mkubwa wa mguu uko kwenye nyonga. Mtu aliyesimama ubaoni miaka nenda rudi, na jioni akakaa kusahihisha madaftari, nyonga zake huwa zimekakamaa bila yeye kujua, kwa kuwa hakuna kazi ya kila siku inayomdai azizungushe. Kisha inakuja taichi na kumwambia ageuze kiuno. Nyonga inakataa. Unyayo hautoki, maana umebeba mwili mzima. Kinachobaki kuzunguka ni goti, nalo linazungushwa asubuhi baada ya asubuhi, kidogo kidogo, bila maumivu ya ghafla ya kumstua mtu aache. Ndiyo maana maumivu yako yamekuja baada ya miezi mingi badala ya wiki ya kwanza.

Marekebisho yake hayahitaji kifaa chochote. Simama juu zaidi: kunja magoti kiasi tu cha mtu anayetaka kukaa halafu akabadili mawazo. Ukiinamisha macho, goti lisipite ncha za vidole vya mguu, na lielekee kule kidole cha pili kinakoelekea, lisiangukie ndani. Mpe mjukuu simu akupige video kutoka mbele, si kutoka ubavuni, kisha tazama goti peke yake. Mikono usiiangalie kabisa. Utashangaa ni mara ngapi goti linaingia ndani wakati wewe ulikuwa na hakika limenyooka. Kila unapotaka kugeuka, rudisha kwanza uzito mguu wa nyuma, geuza unyayo wa mbele ukiwa mwepesi, ndipo uuhamishie uzito tena. Katika mtindo wa Yang, ambao video nyingi za wanaoanza huufuata, kurudi nyuma huko kabla ya kugeuka kumo ndani ya miondoko yenyewe. Wanaoiga kwa macho huiruka sehemu hiyo kwa sababu kwenye kioo cha simu haionekani.

Jipime pia unapopiga hatua. Weka kisigino mbele, halafu jaribu kuunyanyua mguu huo tena bila kuusogeza mwili. Ukiweza, hatua yako ilikuwa tupu na uzito ulikuwa mahali pake. Ukilazimika kujirusha nyuma kwanza, ulikuwa umeanguka kwenye hatua badala ya kuipiga. Hapa ndipo taichi ilipo. Mikono inayoelea hewani ndiyo inayowavutia watu, lakini mazoezi yenyewe ni kujua kila wakati uzito uko mguu gani, na kuuhamisha bila kuutupa. Polepole imewekwa kwa sababu hiyo: mtu anayekwenda haraka huficha makosa yake kwa kasi, hata yeye mwenyewe asiyaone.

Mke wako ana haki ya kuogopa, lakini kupumzisha goti kabisa hakutakusaidia. Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu ya kwake. Hupata lishe kutoka kwenye majimaji ya kiungo linapobonyezwa na kuachiwa, yaani linapotumika. Paja likikaa bila kazi linasinyaa, na goti linabaki bila mlinzi. Mwaka 2016 lilichapishwa jaribio lililofanyika Boston, Marekani, likiongozwa na daktari Chenchen Wang. Watu 204 wenye magoti yaliyochakaa waligawanywa makundi mawili: wengine wakafanya taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, wengine wakapewa fiziotherapia ya kawaida, yaani tiba ya viungo ya hospitalini. Makundi yote mawili yalipata nafuu kwa kiwango kinachokaribiana. Ila watu wale walikuwa na mwalimu mbele yao. Kabla ya hapo, mwaka 1997, daktari Paul Lam wa Australia alitunga mpango wa taichi kwa wenye maumivu ya viungo, akauchagua mtindo wa Sun kwa sababu husimama juu na mguu wa nyuma huufuata wa mbele kila hatua, hivyo goti halibaki limekunjwa sana chini ya mzigo. Ukitafuta video nyingine, tafuta za aina hiyo.

Yule kijana wa Kichina mwache. Naamini unayemtazama ni mwanamichezo wa mashindano, na kwenye mashindano waamuzi hutoa alama kwa kina na wepesi. Anayofanya ni sahihi kwake. Mfululizo maarufu wa miondoko 24, ambao pengine ndio unaouiga, ulitungwa mwaka 1956 na mamlaka ya michezo ya China kutokana na mtindo wa Yang, kwa lengo la kuwafikia watu wa kawaida. Unachukua kama dakika tano au sita. Kushuka chini kumo humo, lakini ukishuka kidogo tu hutakuwa umekosea.

Kuhusu kuchelewa, kijana wako amesema nusu ya ukweli. Waliokulia Chenjiagou, kijiji cha mkoa wa Henan ambako historia ya taichi inayoweza kufuatiliwa inaanzia karne ya 17 na Chen Wangting, walianza wadogo kwa sababu ilikuwa kazi ya ukoo. Lakini Sun Lutang, aliyeanzisha huo mtindo wa Sun, alizaliwa mwaka 1860 na alijifunza taichi kwa Hao Weizhen akiwa amevuka miaka 50. Naongeza kwa haki kwamba alikuwa tayari bingwa wa mapigano ya aina nyingine, kwa hiyo wewe na yeye hamkuanzia mstari mmoja. Ukitaka kufikia uwezo wa kupigana wa watu wale, ndiyo, umechelewa. Ukitaka kuwa na miguu inayokubeba ukiwa na miaka 80, uinuke usiku umeme umekatika bila kujigonga wala kuanguka, umri wako ndio wakati mzuri wa kuanza. Usawa wa mwili hutegemea macho, sikio la ndani, na habari zinazotoka kwenye nyayo na viungo. Macho na sikio hupungua kwa umri. Nyayo zinafundishika. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba wazee wanaofanya taichi huanguka mara chache zaidi, na kwa mzee, kuanguka na kuvunjika nyonga ndiko kunakomlaza kitandani.

Jirani yako mjibu kwa upole, kwa sababu hajatunga. Jina na maelezo ya taichi yametoka katika falsafa ya Kichina ya yin na yang, na wengine husimulia kwamba mtawa wa Kitao, dini ya kale ya China, aitwaye Zhang Sanfeng ndiye aliyeianzisha milimani, hadithi ambayo haina ushahidi wa kihistoria. Lakini katika mazoezi yenyewe hakuna sala, hakuna sadaka, hakuna anayeabudiwa. Ni sanaa ya mapigano iliyogeuzwa polepole kuwa mazoezi ya afya. Yang Luchan aliitoa kijijini akaipeleka Beijing katika karne ya 19, na mjukuu wake Yang Chengfu akaifundisha kwa umma kwa miondoko mipana na ya taratibu unayoiona leo. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hata mikono yako ina kazi: ule mwondoko wa kufagia goti, mkono wa chini unazuia teke na wa juu unasukuma kifua cha adui. Ukijua hivyo mkono unaacha kuelea ovyo. Kama utakutana na mwalimu anayechanganya mazoezi na ibada, au anayeahidi kwamba nguvu ya "chi" itakuponya presha ukaacha dawa, huyo mkimbie. Wachina hutumia neno hilo kueleza wanachohisi mwilini wanapofanya mazoezi, nami sina ugomvi nalo, lakini hali ya presha yako utaijua kwa kipimo.

Sasa hili la muda. Mfululizo wa 24 ukifanya kidogo kila siku, ndani ya mwaka utaukariri. Kukariri ndiko mlango wa kuingilia, na ni hapo wengi wanapokosea njia: wakishakariri mmoja wanatafuta mwingine, kisha wa upanga, kisha wa feni, na kila mmoja wanaufanya kwa goti lilelile linaloangukia ndani. Mimi nawaomba watu wafanye kinyume. Mfululizo mmoja, miaka mingi. Mwaka huu unashughulikia magoti. Magoti yakitulia utagundua mabega yako yamepanda mpaka karibu na masikio, na kwamba huwa unayapandisha kila unapofikiri jambo gumu. Hapo una kazi ya mwaka mwingine. Mabega yakishuka, pumzi inashuka yenyewe bila kuilazimisha. Kisha unarudi kwenye magoti, kwa sababu mwili wa mwaka wa nne si ule wa kwanza, na kosa ulilodhani limekwisha lilikuwa limehama tu. Mwenye miaka 30 ya mazoezi anarekebisha mambo yaleyale unayorekebisha wewe, ila ya kwake ni madogo zaidi na anayaona mapema. Kwa hiyo siku ya kusema "nimeijua" sikuahidi. Ninachotarajia ni kwamba kufikia miezi sita utakuwa unashuka ngazi bila kuliwaza goti, kama hakuna ugonjwa mwingine ndani yake.

Kwa miezi hiyo sita fanya kidogo. Dakika kumi hadi kumi na tano kila siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Dakika chache simama tu, miguu upana wa mabega, magoti yamelegezwa, mabega yameachiliwa, ukisikiliza uzito unapokaa kwenye nyayo. Kisha hamisha uzito kushoto na kulia, polepole, kabla ya kuugusa mfululizo wowote. Usibane pumzi hata mara moja, kwa sababu kubana pumzi ukijikaza kunapandisha presha ghafla. Kama dawa zako hukupa kizunguzungu, usianze mara tu baada ya kumeza, na kunywa maji kwanza. Hewa yetu hii kavu hukausha mwili kabla hujahisi kiu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni muda mzuri, jua halijakolea na upepo wa vumbi bado. Juni na Julai baridi ikibana, tembea kwanza mpaka mwili upate joto. Uani kwako, kama kuna kokoto, hamia barazani. Vaa raba nyepesi zenye soli bapa, kandambili hapana.

Mwalimu unamhitaji, hapo kijana wako yuko sahihi kabisa, ila si lazima awe wa kila siku. Mtu mmoja anayejua, akikutazama mara moja kwa mwezi na kukugusa nyonga kukuonyesha inapokataa, anatosha kukuvusha mbali. Taasisi ya Confucius iliyoko Chuo Kikuu cha Dodoma hufundisha lugha na utamaduni wa Kichina. Pita uulize kama wana mtu wa taichi kwa sasa. Walimu wa karate na kung fu mjini nao huwa wanajuana na watu wa fani hizi. Ukimpata mtu, kabla ya kulipa chochote mtazame anavyofundisha wazee wengine. Akiwashusha wote kina kimoja, ondoka. Akikuuliza kuhusu goti na presha kabla hujamwambia, kaa.

Kuhusu maumivu ya kila siku, jipime hivi: uchungu mdogo wakati wa mazoezi unaotulia na kutoweka kufikia kesho yake unavumilika. Ukibaki zaidi ya siku moja, au kila wiki ukazidi, umefanya mno; punguza nusu. Ukipunguza hivyo kwa wiki tatu au nne na bado hakuna mabadiliko, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, waulizie watu wa fiziotherapia.

Usisubiri wiki hizo kama goti limevimba, kama linajifunga katikati ya kukunja, kama linakuachia ghafla ukitembea, au likiuma usiku umelala. Likiwa jekundu, la moto, na una homa, nenda siku hiyohiyo. Siku ambayo kipimo cha presha kimefika 180 juu au 110 chini, usifanye mazoezi. Pumzika kitini dakika chache, pima tena, na kama hakijashuka nenda kituo cha afya. Kifua kikibana, pumzi ikikatika, au mkono na upande wa uso vikilegea ghafla, hilo ni gari la kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Ukienda kwa ajili ya goti, vaa suruali inayopandishika mpaka juu ya goti, beba dawa zako zote pamoja na paketi ya diklofenaki, na ile video ya mjukuu. Usimweleze daktari kwa maneno tu. Mwombe nafasi usimame umwonyeshe ule mwondoko unaokuumiza.